Mti Mfupi wa Kijapani na Bustani ya Shule

Katika mji wa Kyoto, nchini Japani, nyumba nyingi za zamani zina ua wa ndani usiozidi ukubwa wa chumba cha kulala. Wenyeji huuita ua huo tsuboniwa, na tsubo kwao ni pia kipimo cha eneo kilicho sawa na meta za mraba 3.3 hivi. Ndani ya nafasi hiyo finyu huwekwa jiwe moja au mawili, karai la maji lililochongwa katika mwamba, vimea vya kijani vinavyotambaa juu ya udongo wenye unyevu, na pengine mti mmoja. Mgeni anayechungulia hujiuliza swali la haki kabisa: mti huo utakaaje mahali hapo kwa miaka 50 bila ya kuinua paa wala kubomoa ukuta?

Jibu mojawapo ambalo watunza bustani wameligundua, huko Japani na baadaye Ulaya na Marekani, ni mti ambao kwa maumbile yake hauna haja ya kuwa mrefu. Mti huo ni aina fupi ya ule ambao Wajapani huuita momiji. Haupandwi kwa chakula, wala kwa dawa, wala kwa mbao. Basi msomaji anaweza kuuliza: jarida la sayansi linalosomwa katika shule za sekondari za Afrika ya Mashariki linautafutia nini?

Linautafutia mambo mawili. Kwanza, mti huo, ingawa ni mdogo, unabeba karibu kila swali kubwa la elimu ya mimea: urithi, homoni, majira, rangi, mizizi, magonjwa. Pili, mti huo na jamaa zake wamo tayari ndani ya vichwa vya wanafunzi bila ya kualikwa, kwa kuwa vitabu vingi vya baiolojia viliandikwa katika nchi za baridi, na hueleza kupukutika kwa majani mekundu kana kwamba kila mtoto duniani amekwisha kukuona. Hoja ya makala haya ni kwamba mti wa momiji unastahili kufundishwa, tena kufundishwa vizuri. Ila mwalimu anayeishia kwake, asiugeukie mti ulio nje ya dirisha lake, atakuwa amefundisha hadithi na kuiita sayansi.

Mti na majina yake

Momiji huota wenyewe katika misitu ya Japani na Korea, aghalabu chini ya kivuli chepesi cha miti mikubwa zaidi. Ukiachwa huru hufikia kimo cha meta 6 hadi 10. Jani lake limegawanyika kama kiganja kilichokunjuliwa, likiwa na vidole vitano, saba au tisa. Wajapani wana jina jingine kwa jamii ya miti hii, nalo ni kaede, ambalo asili yake ni maneno yenye maana ya "mkono wa chura". Carl Peter Thunberg, mganga na mwanabotania wa Kiswidi aliyepata kuwa mwanafunzi wa Linnaeus, alikaa Japani mwaka 1775 na 1776, akiwatumikia wafanyabiashara wa Kiholanzi katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Mwaka 1784 alichapisha kitabu chake juu ya mimea ya Japani. Yeye ndiye aliyeupa mti huu jina la kisayansi la Acer palmatum, na neno la pili lina maana ya "wenye umbo la kiganja". Mjapani aliona chura, Mswidi akaona mkono wa mtu. Wote wawili walianza kwa kulitazama jani.

Kabla ya Thunberg kufika, watunza bustani wa Edo, mji ambao leo huitwa Tokyo, walikuwa wamekwisha kuchapisha orodha za aina za mti huu zenye majina. Walikuwa wakiokota miche yenye tabia ya pekee, wakaizidisha, wakaitunza. Leo aina zilizopewa majina ni mamia mengi. Miongoni mwa zile fupi zimo Kiyohime na Mikawa Yatsubusa za Kijapani, na Shaina, ambayo ilipatikana Marekani kutokana na kichaka cha vitawi vilivyosongamana juu ya tawi la aina nyingine iitwayo Bloodgood.

Njia nne za kuwa mfupi

Mtu anayeuona mti mfupi kwa mara ya kwanza hudhani ya kuwa umekosa kitu. Hapo Kiswahili chenyewe kimekwisha kutangulia kutoa fundisho, maana kina neno "mfupi" na kina neno "uliodumaa", na maneno hayo mawili hayana maana moja. Mkazi wa pwani anaijua tofauti hiyo. Yupo mnazi mfupi kwa asili, ambao nazi zake za kwanza huanguliwa na mtu aliyesimama chini. Na upo mnazi wa aina ndefu uliodumaa kwa kukosa maji. Wa kwanza ni mzima, wa pili ni mgonjwa.

Kwa hakika mti waweza kuwa mfupi kwa njia nne. Njia ya kwanza ni nasaba: mti umerithi ufupi, kama Mikawa Yatsubusa, ambao baada ya miaka 10 huwa na kimo cha meta moja hadi moja na nusu hivi. Njia ya pili ni shina la chini. Wakulima wa matufaha hukibebesha kikonyo cha mtufaha mzuri juu ya mzizi wa mtufaha mwingine ambao hupunguza kimo; mzizi mashuhuri wa namna hiyo ni ule uitwao M9, uliopewa namba hiyo katika kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza. Njia ya tatu ni mkono wa mtunzaji: katika sanaa ya bonsai, mti wa kawaida kabisa hupandwa katika chombo kidogo, ukapogolewa matawi na mizizi mwaka hata mwaka. Njia ya nne ni dhiki: njaa, kiu, maradhi au udongo mbaya.

Kwa macho ya haraka miti hiyo minne yaweza kufanana. Kinachoitenga ni jaribio. Na vikatwe vitawi kutoka katika miti yote minne, kila kimoja kibebeshwe juu ya mche wa kawaida wa jamii yake, kisha yote ipandwe katika udongo ule ule na kumwagiliwa maji sawasawa. Kitawi cha bonsai kitaota kirefu, kwa kuwa nasaba yake haikuguswa na mkasi. Kitawi cha mtufaha nacho kitarefuka, kwa kuwa kimeachana na mzizi uliokuwa ukikizuia. Kitawi cha mti wenye njaa kitanyanyuka kikishapata chakula. Kile cha Mikawa Yatsubusa peke yake kitabaki kifupi. Mwanafunzi akilielewa jaribio hili, amekwisha kuelewa tofauti baina ya urithi na mazingira, jambo ambalo wengi hulikariri kwa miaka minne bila ya kulishika.

Ufupi wa nasaba unaweza hata kupimwa kwa rula. Shina la mmea limegawanyika katika pingili, kama muwa. Katika aina nyingi fupi za momiji, machipukizi ya mwaka mmoja hutoa majani mengi, lakini pingili zake ni fupi mno, hata majani hulaliana kama vigae juu ya paa. Mti haukuacha kukua. Umekua kwa hatua fupi.

Kimo ni ujumbe

Ni nini basi kinachoamua urefu wa hatua hizo? Historia ya swali hili inaanzia katika bustani ndogo nyingine, ile ya watawa wa Brno, ambako Gregor Mendel alipanda njegere. Alichanganya njegere ndefu na fupi. Kizazi cha kwanza kikawa kirefu chote. Katika kizazi cha pili, kwa maelezo aliyoyachapisha mwaka 1866, mimea 787 ilikuwa mirefu na 277 ilikuwa mifupi, yaani karibu mitatu kwa mmoja. Mendel alijua kuwa ufupi hurithiwa. Hakujua unafanya kazi vipi.

Upande wa pili wa jibu ulitoka kwa wataalamu wa Kijapani waliokuwa wakishughulika na maradhi ya mpunga. Katika maradhi hayo, mche hurefuka upesi kupita kiasi, ukawa dhaifu na mweupe, kisha mara nyingi hufa. Wakulima waliuita bakanae, yaani "mche mpumbavu". Mwaka 1926 Kurosawa Eiichi alionyesha kwamba maji yaliyochujwa kutoka katika kuvu wa maradhi hayo yaliweza kuirefusha miche hata kama kuvu mwenyewe hayumo. Mwaka 1935 Yabuta Teijiro aliipa dutu hiyo jina la jiberelini. Baadaye ikagunduliwa kwamba mimea mizima hujitengenezea jiberelini yake yenyewe: ni homoni, na mojawapo ya kazi zake ni kuziambia pingili zirefuke.

Nyuzi hizo mbili zilifungwa pamoja mwaka 1997, ilipoonyeshwa kwamba jeni la ufupi katika njegere za Mendel ni jeni lililoharibika la kimeng'enya ambacho hukamilisha utengenezaji wa jiberelini. Ngano fupi ya Kijapani iitwayo Norin 10, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1935, ni mfupi kwa sababu nyingine: homoni anayo, lakini mwili wake hauitikii ipasavyo. Kwa mfano, njegere ya Mendel haikuandikiwa barua. Norin 10 ameandikiwa, ila hasomi. Hii haina maana kwamba kila momiji mfupi ni mfupi kwa mojawapo ya sababu hizo, maana nyumba ya ufupi ina milango mingi. Lakini inatosha kuonyesha kwamba swali linaloanza kwa mche mmoja wa ajabu linaweza kufika mbali.

Na lilifika mbali. Mbegu za Norin 10 zilipelekwa Marekani mwaka 1946. Orville Vogel alizitumia huko, na Norman Borlaug akazitumia Mexico, kuzaa ngano zenye shina fupi na imara, ambazo hazilali chini zinapotiwa mbolea na kubeba masuke mazito. Ngano hizo ziliongeza sana mavuno ya Mexico, India na Pakistani, na Borlaug alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Yule anayeucheka mti mfupi kwamba ni pambo la matajiri na akumbuke kwamba ufupi uleule umelisha mamilioni.

Kuutunza kwao

Mwenye bustani ndogo huko Japani, Uingereza au kaskazini ya Marekani anayetaka kupanda momiji mfupi hana budi kuyajua mambo machache, na kila jambo lina sababu yake.

La kwanza ni mahali. Mti huu ni wa chini ya kivuli cha msitu. Jua kali la alasiri pamoja na upepo mkavu huyanyang'anya majani yake maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na ncha za majani huungua na kuwa kahawia. Mahali pazuri ni pale penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

La pili ni udongo. Mizizi ya momiji ni myembamba, mingi, na haiendi chini sana. Hutaka udongo wenye mboji, wenye uchachu kidogo, unaopitisha maji bila kuyatuamisha. Kutandaza majani makavu juu ya udongo husaidia kuhifadhi unyevu, mradi yasirundikwe kulizunguka shina likaoza. Mbolea nyingi ya naitrojeni ni hasara: hutoa matawi marefu na dhaifu, na mwenye mti hupoteza lile umbo alilolinunua.

La tatu ni wakati wa kupogoa. Utomvu wa jamii hii hupanda kwa nguvu mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa machipuko. Mti ukikatwa wakati huo hutoka maji mengi katika majeraha. Kwa hiyo hukatwa ukiwa umelala, kabla utomvu haujaanza kupanda, au katikati ya majira ya joto.

La nne ni kuchunga shina la chini. Kwa kuwa mbegu za aina fupi hazitoi watoto wanaofanana na mama yao, miti hii huzidishwa kwa kubebesha kikonyo juu ya mche wa momiji wa kawaida. Tofauti na mtufaha, hapa mzizi hauna kazi ya kufupisha; ni mlezi tu. Lakini mlezi huyo ana nguvu kuliko mtoto. Chipukizi likitokea chini ya kovu la kubebeshea, nalo likaachwa, litarefuka na kuusonga mti mfupi hata ufe, na mwenye bustani ataamka siku moja akiwa na mti wa meta nane dirishani pake. Kikulacho ki nguoni mwako.

La tano ni maradhi. Kuvu wa udongoni aitwaye Verticillium huingia kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji. Tawi moja hunyauka ghafla, kisha jingine. Hapana dawa ya kumtoa ndani ya mti. Kuvu huyo huyo huwashambulia pia nyanya, viazi na biringani, kwa hiyo mtu mwangalifu hapandi momiji mahali ambapo mazao hayo yalinyauka.

La mwisho ni la muuzaji na mnunuzi. Kibandiko kinachosema "meta moja na nusu" kwa kawaida huhesabu miaka 10 ya mwanzo. Mti mfupi si mti uliokoma kukua. Utaendelea kujiongeza polepole maisha yake yote, na nyingine, kama Kiyohime, hutanuka kwa upana kuliko kwa kimo. Anayepanda nusu meta kutoka ukutani kwa sababu ya neno "mfupi" hakusoma vizuri.

Kwa nini haufai Dar es Salaam

Mtu aliyeuona mti huu ughaibuni, au katika picha, huweza kushikwa na tamaa ya kuuleta. Tamaa hiyo si dhambi. Mimea mingi ya vyakula na matunda ilisafiri hivyo hivyo. Lakini mti husafiri na saa yake ndani ya mwili.

Saa ya momiji hufuata mambo mawili. La kwanza ni urefu wa mchana. Tokyo, iliyo karibu na nyuzi 36 kaskazini ya ikweta, mchana wa Juni hufikia saa 14 na nusu, na ule wa Desemba haufiki hata saa 10. Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini, tofauti baina ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima haifiki saa moja. Mti unaosubiri siku zifupike ili ujue kuwa wakati wa kulala umewadia, huko Dar es Salaam hausikii amri iliyo wazi.

La pili ni baridi. Matumba ya momiji yakishalala, hayaamki sawasawa mpaka yamepitia wiki nyingi za baridi iliyo juu kidogo ya kiwango cha maji kuganda. Huu ni ulinzi wa busara: mti usingekuwa nao, siku tatu za joto katikati ya Januari zingelidanganya tumba, nalo likafumbuka na kuuawa na theluji ya wiki inayofuata. Wastani wa joto la Januari mjini Tokyo ni kama nyuzi 5 za Selsiasi. Mwezi wa baridi kuliko yote mjini Dar es Salaam una wastani wa zaidi ya nyuzi 20. Mche wa momiji ulioletwa pwani utachipua ovyo, tawi hili leo na lile mwezi ujao, majani yataungua, nguvu iliyohifadhiwa itakwisha, na mti utakufa polepole huku mwenyewe akizidi kuumwagilia maji.

Kwenye nyanda za juu, kama Njombe, ambako baridi huuma kweli mwezi Julai, wakulima wamefaulu kwa matufaha. Lakini wamefaulu kwa kuchagua aina zisizodai baridi nyingi. Hilo ndilo fundisho. Waliofaulu hawakuupenda mti tu, bali waliuliza kwanza mti unataka nini.

Vuli ya kitabuni na mkungu wa uwanjani

Sasa ifikiriwe hali ya mwanafunzi wa Tanga au Mombasa. Kitabu chake kinasema kwamba majani hugeuka mekundu na kupukutika katika majira ambayo mfasiri ameyaita "vuli". Lakini vuli, kwa mtoto huyo, ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo ardhi hupata uhai. Kitabu kinasema miti hulala katika "kipupwe". Na kipupwe, kwake, ni miezi ya upepo wa kusi na ubaridi mtamu wa asubuhi, si theluji. Maneno ni ya kwake, mambo si ya kwake. Mtihani ukija ataandika kwamba majani hupukutika katika vuli kwa sababu ya baridi, naye atapewa alama zote.

Na wakati anapoandika jibu hilo, huenda nje ya dirisha umesimama mkungu. Mkungu, ambao kivuli chake kinajulikana katika barabara na viwanja vingi vya shule za pwani, hugeuza majani yake kuwa manjano na mekundu, kisha huyaangusha, pengine mara mbili kwa mwaka, hasa ardhi inapokauka. Baridi haimo katika sababu zake. Mwanafunzi ameyafagia majani hayo mekundu kila asubuhi tangu darasa la kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akiifagia sayansi.

Hapa ndipo penye hasara kubwa, nayo si hasara ya alama. Mtoto anayefundishwa kuandika jambo ambalo macho yake yanalipinga hujifunza somo la pili bila ya kuambiwa, kwamba macho yake hayana thamani, na kwamba ukweli hukaa katika kitabu na katika nchi za mbali. Akishaliamini hilo, anaweza kupasi mitihani yote na asiwe mwanasayansi kamwe.

Wako wanaosema kwamba dawa yake ni kuifuta mifano ya kigeni katika mafunzo. Wamekosea. Jani la momiji na jani la mkungu, yakiwekwa pamoja, hufundisha zaidi kuliko kila moja peke yake. Katika yote mawili klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjwa jani linapokaribia kuanguka, na mti hurudisha shinani chakula kinachoweza kuokolewa. Katika yote mawili wekundu hutokana na anthosianini, ambayo jani huitengeneza upya wakati huo, tofauti na rangi ya manjano iliyokuwamo tangu mwanzo ikiwa imefunikwa na kijani. Kilichotofautiana ni kengele inayopigwa: huko Kyoto hupigwa na siku fupi na usiku wa baridi, na rangi hukolea mwishoni mwa Novemba, huku hupigwa hasa na ukame. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo ameelewa kwamba kupukutika ni njia ya mti kupunguza hasara wakati wa shida, na kwamba shida zaweza kuwa mbalimbali. Hiyo ni kanuni, na kanuni haina uraia.

Wengine watasema kwamba mwalimu hana nafasi, kwa kuwa mtihani unamkimbiza. Lakini ni nani atakayeeleza kupukutika kwa majani kwa ufasaha zaidi: aliyekariri sentensi tatu, au aliyehesabu majani ya mkungu kwa miezi mitatu?

Jembe si kiboko

Shule nyingi za sekondari zina shamba au bustani. Inajulikana pia kwamba katika nyingi mwanafunzi hupelekwa bustanini anapochelewa, anapopiga kelele, au anapokosa kufanya zoezi. Kwa njia hiyo jembe limekuwa ndugu wa kiboko, na mmea umekuwa shahidi wa aibu. Mtoto aliyelima matuta matano kwa adhabu asubuhi hawezi kutarajiwa kuyapenda matumba na pingili mchana.

Mabadiliko yanayotakiwa hayahitaji fedha za kigeni. Kila darasa la baiolojia na lichague mti mmoja ulio ndani ya uwanja, liufungulie daftari, na kila wiki wanafunzi wawili waandike majani yaliyochipua, yaliyobadilika rangi na yaliyoanguka, pamoja na mvua ya wiki hiyo. Baada ya mwaka shule itakuwa na kumbukumbu ambazo haziko katika kitabu chochote. Na zipandwe aina mbili za kunde au za mahindi, moja fupi na moja ndefu, katika tuta lile lile; kisha zihesabiwe pingili na kupimwa kwa uzi na rula, ili ijulikane kama ufupi umetokana na uchache wa pingili au na ufupi wake. Na mstari wa tatu upandwe aina ndefu katika udongo uliochoka, ili mwanafunzi auone kwa macho yake mmea uliodumaa, aulinganishe na ule mfupi mzima. Na zaidi ya yote, adhabu itafutiwe mahali pengine.

Mti mfupi katika ua wa Kyoto haukufika pale kwa bahati. Watu waliutambua mche mmoja uliokuwa tofauti na wenzake, wakauhifadhi badala ya kuung'oa, wakauliza unataka nini, wakauzidisha, wakaandika jina lake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Katika viwanja vya shule za Afrika ya Mashariki imo miche ya pekee ambayo hung'olewa kila siku pamoja na magugu, kwa sababu anayeshika jembe ametumwa kuadhibiwa, hakutumwa kutazama.